"I Was Only 19" ya Redgum: wimbo wa vita ulioandikwa na mtu ambaye hakwenda vitani (UZI)

#1 Mzee wa Kaseti

Wakuu, habari za jioni. Wapenzi wa muziki wa zamani sogeeni, na watu wa siasa nao kuna mfupa wao humu humu.

Kuna wimbo wa Australia unaitwa "I Was Only 19", wa bendi ya Redgum. Ulitoka 1983 ukashika namba moja nchini kwao. Mimi sijawahi kuusikia kwenye redio yoyote ya hapa Bongo, niliukuta kwenye kaseti ya kuchanganya, umebanwa katikati ya nyimbo za mapenzi. Ukiusikiliza juu juu unaona ni wimbo mtulivu tu, gitaa na sauti ya mtu anayeongea zaidi ya kuimba. Ukifuata maneno unagundua ni askari kijana anasimulia alivyokwenda Vietnam na alivyorudi, na mwanzo hadi mwisho hapazi sauti hata mara moja.

Anaanza na gwaride la kumaliza ukuruta pale Puckapunyal, jimbo la Victoria. Baba, mama na Denny wamekuja kumtazama. Kutoka hapo anapelekwa Canungra, chuo cha vita vya msituni huko Queensland, kisha Shoalwater kwa mazoezi ya mwisho. Townsville watu wamejipanga pembeni mwa barabara, vijana wanashuka kuelekea bandarini na kofia zao za ukingo mpana na bunduki za SLR. Kisha Vung Tau, mji wa bandari kule Vietnam, helikopta za Chinook, vumbi la kambi ya Nui Dat. Hema limegeuzwa chumba, picha za warembo zimebandikwa, bia zipo. Mpaka hapo ni kama barua ya mtoto aliyefika salama.

Halafu kinakuja kiitikio na unashtuka: kumbe jamaa yuko kwa daktari! Miaka imepita. Anauliza mbona usingizi haumjii, na huu upele unaokuja na kutoweka ni wa nini. Daktari hajibu. Wimbo mzima daktari hajibu.

Sasa, aliyeandika ni John Schumann, mwimbaji wa Redgum. Bendi ilizaliwa 1975 Chuo Kikuu cha Flinders, Adelaide, kama kazi ya darasani ya somo la siasa na sanaa. Wanafunzi wa mrengo wa kushoto kabisa, wa maandamano, nyimbo zao za kwanza ni kuwachana mabepari na Wamarekani. Schumann alizaliwa 1953. Gough Whitlam aliposhinda uchaguzi na kuwa waziri mkuu Desemba 1972 alifuta uandikishaji wa lazima jeshini, kwa hiyo rika la Schumann liliponea chupuchupu. Hakushika bunduki, hakupanda ile meli.

Na huyo ndiye aliyeandika wimbo ambao maveterani wenyewe waliuchukua wakaufanya wao. Watu waliokuwa wakitazamana na waandamanaji kwa jicho la chuki miaka kumi nyuma!

Ninavyoona mimi, siri haiko kwenye msimamo wa wimbo kuhusu vita, maana msimamo wenyewe hautajwi popote. Siri iko kwenye vitu vidogo alivyokabidhiwa na wenye vitu, na jinsi alivyovibeba bila kuongeza chumvi. Karibuni tuchambue.

#2 Bahati Mbaya Sana

Nimeshakaa siti ya mbele. Endelea mkuu.

#3 Gitaa Bovu

Mzee wa Kaseti umenigusa kidonda. Huu wimbo huwa tunaupiga kwenye mazoezi watu wakichoka na kelele.

Niongeze upande wa muziki. Nyimbo nyingi za roki kuhusu Vietnam zinataka usikie vita: ngoma nzito, gitaa la umeme linalia, wengine wanaweka na sauti za helikopta kabisa. Hapa hakuna. Gitaa bila umeme linakwenda mwendo ule ule tangu anapoagwa na mama yake mpaka rafiki yake anapolipukiwa. Mtunzi wa kawaida pale kwenye mlipuko angebadilisha kitu, angepandisha, angeingiza ngoma. Huyu anapita na mwendo wake kama karani anayesoma orodha. Ndiyo maana inaumiza. Unamwona mtu ambaye ameshasimulia jambo hili kichwani mwake mara nyingi mno hata sauti imekauka.

Na mtayarishaji wake alikuwa Trevor Lucas, Mwaustralia aliyekaa Uingereza na watu wa bendi ya Fairport Convention. Hao jamaa walibobea kwenye nyimbo za hadithi, zile ambazo mwimbaji anajiweka kando ili hadithi ipite. Hilo linasikika.

#4 Mtoto wa Ngamiani

Nitakuwa mbaya kidogo, mnisamehe.

Mtu hakwenda vitani, anaimba "mimi". Mimi nilikuwa na miaka 19, mimi nilipata vipande vya chuma mgongoni, mimi silali. Hiyo kwangu ni kuvaa sare ya marehemu. Angesema "yeye", angesema "shemeji yangu", hapo sawa. Lakini "mimi"? Na wimbo ukashika namba moja, watu wakanunua sahani, nani alikula hizo hela? Wanamuziki wa mrengo wa kushoto ndio hodari wa kulia machozi ya wengine.

Mzee wa Kaseti anasema "alikabidhiwa". Na nani? Lete ushahidi.

#5 Mzee wa Kaseti

Mtoto wa Ngamiani, swali lako ndilo nililolitaka, na nimefurahi limetoka mapema.

Schumann alioa dada wa askari anayeitwa Mick Storen. Yule Denny anayetajwa kwenye gwaride ni huyo dada. Storen alikuwa Vietnam na Batalioni ya 6 ya Royal Australian Regiment, ile iliyokwenda mara ya pili 1969. Kama maveterani wengi alikuwa haongei. Schumann alikuwa na hamu ya kuandika kuhusu vita ile lakini alijijua kwamba hajui kitu. Siku moja akajitosa, akamwomba shemeji yake amsimulie.

Storen alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, usiwadhihaki wenzangu. La pili, ukimaliza nausikia mimi kwanza, nisipoupenda hautoki. Wakakaa, kinasa sauti kikawashwa, Storen akaongea. Schumann akatembea na zile kanda kwenye ziara za bendi, anazisikiliza barabarani. Kuandika kwenyewe kulikuja ghafla, nyuma ya nyumba yake huko Carlton, Melbourne, kama robo saa hivi. Watu wakisikia "robo saa" wanasema kipaji. Mimi nasema hiyo robo saa ilitanguliwa na miezi ya kukaa kimya na kusikiliza, na wasanii wetu wengi hawana subira hiyo.

Alipompelekea Storen, naye akamwambia kuna mtu mwingine lazima aulizwe: Frankie. Kwa sababu Frankie wa kwenye wimbo ni mtu wa kweli, Frank Hunt, waliyekuwa naye. Frankie naye akaridhia.

Hela: mirabaha ya wimbo ilielekezwa kwenye chama cha maveterani wa Vietnam wa Australia. Hilo linajulikana.

Kwa hiyo hiyo "mimi" haikuvaliwa gizani. Wenye sare walikuwepo, wakaiangalia, wakasema vaa. Tena nadhani angesema "yeye" angefanya kosa kubwa zaidi, angekuwa msomi wa Flinders anayemchambua askari kutoka juu. Ile "mimi" ilimlazimisha kutumia maneno ya Storen, na maneno ya Storen hayana hotuba. Askari anakumbuka bia ya kopo aliyokunywa na rafiki yake kwenye Hoteli ya Grand pale Vung Tau, likizo ya saa 36. Hakumbuki sera ya mambo ya nje.

#6 Pweza Kavu

Uzi mzuri. Ila kwa kuwa mnapenda ukweli, tuupime huo wimbo kwa ukweli.

Kwanza, kwenye wimbo Frankie ndiye anayelipua bomu la ardhini siku ile ile binadamu anaukanyaga mwezi. Tarehe ni sahihi: Armstrong alishuka 20 Julai 1969 kwa saa za Marekani, Vietnam ilikuwa tayari tarehe 21. Lakini aliyekanyaga siyo Frank Hunt. Alikuwa kiongozi wa platuni, Luteni Peter Hines, na alikufa. Hunt alijeruhiwa vibaya, akanusurika.

Pili, hiyo 19. Australia iliandikisha vijana kwa kura ya tarehe za kuzaliwa. Vilikuwa vidude vyenye namba, mfano wa gololi, vinachezeshwa ndani ya pipa, tarehe yako ikitoka umekwenda. Lakini kura ilikuwa ya wanaotimiza miaka 20. Askari wa miaka 19 Vietnam alikuwa amejiunga mwenyewe. Na wimbo unadokeza kwamba jamaa alichaguliwa na bahati. Sasa tushike lipi?

Tatu, kuna hadithi inayopendwa kwamba maveterani wa Australia wote waliingizwa nchini usiku kwa aibu na kutemewa mate. Batalioni zilizorudi na meli ziliandamana mijini, watu wakashangilia, kuanzia 1966 Sydney. Ndiyo, pale Sydney mwanamke mmoja aliyejipaka rangi nyekundu aliwavamia gwarideni, na ndiye anayekumbukwa kuliko maelfu waliopiga makofi. Waliorudi kimya kimya ni wale mmoja mmoja waliomaliza muda wao na kupanda ndege.

Siuchukii wimbo. Nasema msiufanye kitabu cha historia.

#7 Mzee wa Kaseti

Pweza Kavu unasoma mno, utapofuka. Yote uliyosema ni kweli na sibishani nayo.

Ila hapo kwa Frankie nikupe jicho lingine. Hines alikuwa na familia iliyomzika. Kumtaja kwenye wimbo wa redio namna alivyokufa ni jambo jingine kabisa. Frankie alikuwa hai, aliulizwa, alikubali abebe tukio. Mtunzi alihitaji jina moja libebe platuni nzima. Hiyo kwangu ni kazi ya utunzi, mradi mwenye jina karidhia.

Kuna kitu hamjagusa bado na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Jina kamili la wimbo lina mabano: "A Walk in the Light Green", matembezi kwenye kijani hafifu. Mimi kwa muda mrefu nilidhani ni ushairi tu. Siyo. Ni ramani! Ramani za jeshi zilionyesha msitu mnene kwa kijani kibichi kilichokolea, na vichaka vyepesi, mashamba yaliyoachwa, pembezoni mwa vijiji kwa kijani hafifu. Wewe raia ungeogopa msitu mnene. Wao walifadhaika wakiambiwa leo tunaingia kijani hafifu, kwa sababu huko ndiko kulikotegwa mabomu. Msituni kuna adui unayeweza kupigana naye. Kwenye kijani hafifu unapigana na hatua yako mwenyewe.

Ndiyo maana ubeti ule wa operesheni ya wiki nne hauna adui. Ni mtu anahesabu hatua, kila moja inaweza kuwa ya mwisho kwa miguu miwili. Msomi hawezi kubuni hilo. Lazima mtu aliyeshika ile ramani akupe.

#8 Nesi wa Footscray

Habari zenu. Mimi niko Melbourne, nahudumia wazee majumbani, kazi ambayo wengi wetu Waafrika Mashariki tuliopo huku tunaifanya. Wimbo huu nimeufahamu kupitia wateja.

Mnajadili daktari na usingizi, mimi naomba nitaje chopa. Mwisho mwisho wa wimbo askari anauliza kwa nini chopa ya Channel Seven inamtia baridi hadi miguuni. Channel Seven ni kituo cha televisheni cha huku, kina helikopta yake ya habari inayozungukazunguka juu ya mji. Kwa mtu wa kawaida ni foleni tu inaripotiwa. Mzee mmoja niliyekuwa namsaidia, chopa ikipita alikuwa ananyamaza katikati ya sentensi, anasubiri iishe, halafu anaendelea pale pale alipoachia. Hakuna kilichosemwa kuhusu hilo, na mke wake aliendelea kumenya viazi. Vietnam helikopta ndiyo iliyokupeleka, ndiyo iliyokuletea chakula, na ukijeruhiwa ndiyo iliyokuja kukubeba. Kwa hiyo ukisikia ile sauti mwili haujui ni ipi kati ya hizo.

Na suala la mapokezi, Pweza Kavu uko sahihi kuhusu magwaride, lakini maumivu yao wengi hayakuwa ya barabarani. Wengi wanasimulia walivyokwenda kwenye vilabu vya RSL, vya wanajeshi waliorudi vitani, wakaambiwa na wazee wa Vita vya Pili kwamba yenu haikuwa vita. Huko ndiko walikotegemea kueleweka. Kwenye wimbo kuna mahali anasema hadithi za baba yake hazikuwahi kuonekana za kweli, na hadithi za Anzac, jeshi la Australia na New Zealand la Vita vya Kwanza, hazikutaja matope na damu. Watu wa huku pale ndipo wanapoinamisha vichwa, kwa sababu Anzac ni kama dini. Gallipoli 1915 watoto wanafundishwa tangu chekechea.

Gwaride kubwa la kuwakaribisha nyumbani lilifanyika Sydney tarehe 3 Oktoba 1987. Waliandamana kama 25,000. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi tangu wa mwisho waondoke Vietnam.

#9 Bahati Mbaya Sana

Dada Nesi hapo kwa mke kuendelea kumenya viazi umenimaliza.

#10 Mlima Haulali

Nimesoma bandiko zote. Naona tunalia na Frankie, tunalia na Storen, tunamtetea Schumann. Naomba mnionyeshe Mvietnam mmoja ndani ya wimbo. Mmoja tu.

Hakuna. Kuna vumbi lao, kuna msitu wao, kuna machweo yao. Watu hawapo.

Sasa nipeleke mbele zaidi kuhusu hilo bomu. Mkoa wenyewe ulikuwa Phuoc Tuy, kusini mashariki ya Saigon. Waaustralia walipojenga kambi Nui Dat 1966 walitaka eneo tupu kuzunguka kambi, kwa hiyo kijiji cha Long Phuoc kilisambaratishwa na wakazi wakahamishwa kwa nguvu. Na wa Long Tan pia walikwisha kuhamishwa. Mwaka uliofuata, 1967, kamanda wao Brigedia Stuart Graham akaamua kujenga ukuta wa mabomu kutoka Dat Do hadi baharini, kilomita 11, uzio wa nyaya pande mbili, katikati mabomu ya M16 zaidi ya 20,000. Haya ni yale yanayoruka juu kwanza ndipo yanapasuka usawa wa kiuno.

Lakini uwanja wa mabomu bila walinzi ni ghala. Wanajeshi wa kuulinda hawakutosha. Wapiganaji wa Vietcong, wenyeji wa pale pale, wanawake kwa wanaume, walijifunza kuyachimbua kwa mikono usiku, wengine wakafa wakijifunza, na wakayategesha upya kwenye hicho kijani hafifu chenu. Mabomu yakawaua Waaustralia miaka kadhaa. Yalikuwa ya kwao wenyewe.

Hiyo ndiyo habari ambayo wimbo hauna. Askari anauliza daktari kwa nini halali. Haulizi bomu lilitoka wapi.

Na upele? Wamarekani walimwaga dawa za kuua mimea 1961 hadi 1971, Agent Orange ikiwa mojawapo. Zilizonyunyizwa Vietnam zilizidi lita milioni 70, na ndani ya Agent Orange kulikuwa na dioksini, sumu kali. Askari alikaa mwaka mmoja akaondoka na upele wake. Mkulima alibaki, akanywa maji yale, akala samaki wale, akazaa watoto pale.

#11 Mzee wa Kaseti

Mlima Haulali, nimesoma mara mbili. Habari ya ule uwanja wa mabomu kila anayeupenda wimbo huu anapaswa kuijua, na ukishaijua ubeti wa hatua za miguu unausikia vingine kabisa.

Ila hapo kwenye "hauna Mvietnam" siwezi kukufuata mpaka mwisho. Storen alisimulia alichokiona, na askari wa doria Phuoc Tuy angeweza kukaa wiki nne bila kumwona adui uso kwa uso. Schumann angeingiza bibi wa kijijini kwa ajili ya mizania, angekuwa amevunja sharti lake: angekuwa anasema yake kwa mdomo wa Storen. Wimbo huu ni ushahidi wa mtu mmoja. Ushahidi wa mwenye shamba utoke kwa mwenye shamba, na Wavietnam wana nyimbo na vitabu vyao kuhusu vita hiyo, tena vingi.

#12 Mlima Haulali

Vipo, lakini havishiki namba moja Sydney. Ndiyo hoja yangu.

#13 Mzee wa Kaseti

Hapo umenifunga mdomo.

#14 Mstaafu Asiye na Pensheni

Vijana, nimewasoma tangu mwanzo. Mimi nilikuwa Kagera. Sitaeleza mengi.

Nasema moja tu. Vita ile ilipoisha, bendi na kwaya zetu ziliimba, tena ziliimba vizuri. Tuliimbiwa ushindi, nduli kupigwa, mashujaa kurejea. Tulistahili. Kila tarehe 25 Julai mashujaa wanakumbukwa, na makaburi pale Kaboya yapo, yanatunzwa. Lakini nyimbo zote zilisema "sisi" na "wao". Sijasikia hata mmoja unaosema "mimi", askari mmoja, anamuuliza daktari mbona sipati usingizi. Na si kwamba tulikuwa tunalala.

Mtoto wa Ngamiani unauliza kama aliyekaa nyumbani ana haki ya kuimba "mimi". Angekuja kijana na kinasa sauti, akakaa, akakubali masharti yale yale mawili, ningemruhusu. Hakuja mtu.

#15 Gitaa Bovu

Mzee shikamoo. Tukiwasiliana faragha utakubali?

#16 Mstaafu Asiye na Pensheni

Marahaba. Njoo, lakini uje na subira. Mimi naongea polepole.

#17 Mtoto wa Ngamiani

Shikamoo mzee. Kwa hilo la ruhusa narudi nyuma hatua moja, siyo mbili.

Bado nina tatizo na nyimbo za aina hii kutekwa. Angalieni Springsteen na "Born in the U.S.A." ya 1984. Wimbo wa veterani asiye na kazi, aliyesahaulika. Kiitikio kikapigiwa bendera, Reagan akiwa kwenye kampeni New Jersey Septemba mwaka ule ule akamtaja Springsteen kama mtu wa matumaini ya Marekani. Watu wanaimba kiitikio, beti hawazijui. Na huu wa Redgum unapigwa Siku ya Anzac, maana yake umeshakuwa mali ya serikali. Kesho utatumika kuandikisha vijana wengine.

#18 Mzee wa Kaseti

Hapana, na sababu iko kwenye utunzi wenyewe. Kiitikio cha Springsteen unaweza kukipiga ngumi hewani. Cha Redgum ni swali kwa daktari kuhusu upele, nani ataandikisha vijana kwa upele?

Tena tazameni kilichotokea. Mwezi ule ule wimbo ulipotoka, Machi 1983, Bob Hawke alishinda uchaguzi akawa waziri mkuu. Maveterani walikuwa wanapiga kelele kuhusu Agent Orange tangu miaka ya mwisho ya 1970, wanaambiwa ni pombe, ni mawazo, nendeni nyumbani. Mwaka huo huo serikali ikaunda Tume ya Kifalme ya uchunguzi chini ya Jaji Phillip Evatt. Sisemi wimbo ndio ulioizaa tume, kampeni ilikuwa na watu wake waliotoka jasho. Lakini kuanzia hapo nchi nzima ilikuwa inaimba lile swali la upele kwenye magari yao, na waziri akisema "haya ni mambo ya kitaalamu" wananchi walishamjua anayezungumziwa.

Tume ilitoa ripoti 1985, ikaisafisha Agent Orange. Haina hatia! Maveterani walikasirika, na hasira ile haijaisha mpaka leo kwa baadhi yao. Kule Marekani kampuni zilizotengeneza dawa zilikubali 1984 kulipa dola milioni 180 nje ya hukumu, na Waaustralia walikuwamo kwenye kesi hiyo. Kwa hiyo daktari wa kwenye wimbo alipopata nafasi ya kujibu, alijibu hivyo.

Schumann naye aliingia siasa. 1998 aligombea ubunge jimbo la Mayo kupitia chama cha Democrats dhidi ya Alexander Downer, waziri wa mambo ya nje, jimbo ambalo lilionekana la waziri milele. Alikaribia kumwangusha.

#19 Pweza Kavu

Ongezea takwimu basi watu wapate picha: Waaustralia waliohudumu Vietnam ni kama 60,000, waliokufa wamezidi 500, waliojeruhiwa wamezidi 3,000. Kwa vita ile ni idadi ndogo. Wavietnam walikufa kwa mamilioni. Mlima Haulali ana haki ya kukasirika.

#20 Bahati Mbaya Sana

Wakuu, mimi wa mwisho kufika kila mahali. Nimekwenda kuutafuta nimekuta matoleo mengi. Nianze na lipi? Kuna moja vijana wanachana kabisa.

#21 Mzee wa Kaseti

Hao wanaochana ni The Herd, kundi la hip hop la Sydney, 2005. Walimwomba Schumann ruhusa naye akaingia studio kuimba nao, kwa hiyo si wizi. Ni toleo zuri, limewapelekea wimbo watoto waliozaliwa baada ya yote haya. Lakini anza na la Redgum la 1983, masikioni na si kwenye spika, na usome maneno kwanza. Ukianza na The Herd utasikia hasira, na hasira ni tafsiri yao wao, wajukuu. Storen hakuongea kwa hasira.

Wiki ijayo Mungu akipenda nafungua uzi wa "Khe Sanh" ya Cold Chisel, 1978, aliyoiandika Don Walker. Huo nao ni wa veterani wa Kiaustralia, ila yule jamaa wa kwenye wimbo ni wa bia na barabara.

#22 Pweza Kavu

Fungua tu. Na uje umejiandaa kutueleza veterani wa Australia alikuwa anafanya nini Khe Sanh wakati hakuna batalioni hata moja ya kwao iliyopigana pale. Nakusubiri mlangoni.